Somo lililomfungia msomaji nje ya seva yake: uchambuzi wa kisa

Msomaji wa wiki moja, tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri, aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba amelifuata somo tangu mwanzo, hakuruka hatua, na sasa seva yake haimpokei kwa nenosiri wala kwa ufunguo. Mhariri mmoja akamjibu kuwa somo halina tatizo, yeye mwenyewe amelitumia karibuni, kwa hiyo msomaji atakuwa amekosea mahali. Wa pili akamwelekeza kwenye onyo lililo chini kabisa ya ukurasa. Wa tatu hakujibu kitu; alifungua ukurasa, akarekebisha neno moja, akahifadhi, akaondoka.

Ukiukagua ukurasa ule sentensi kwa sentensi, hukuti uongo. Kila aliyeuhariri alikuwa na sababu, na karibu kila sababu ilikuwa nzuri. Hata hivyo aliyefuata maelekezo yote kwa utii alifungiwa nje, na aliyeyafuata nusunusu huenda alisalimika. Ushauri tuliozoea kupeana kuhusu masomo ya mtandaoni (tumia lugha nyepesi, fupisha sentensi, weka picha) usingemsaidia msomaji huyu hata kidogo, kwa sababu lugha ya ukurasa ilikuwa nyepesi na sentensi zake zilikuwa fupi. Majina ya wiki na ya wahariri nimeyaacha kando. Hayaongezi kitu katika kuelewa kilichotokea.

Kazi iliyokuwa ikifundishwa

Somo lilihusu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiamrisha kompyuta ya mbali kupitia mtandao, ukitumia funguo badala ya nenosiri. Unatengeneza jozi ya funguo kwenye kompyuta yako. Ule wa siri unabaki kwako. Ule wa umma unapelekwa kwenye seva na kuandikwa ndani ya faili liitwalo `authorized_keys`. Unapotaka kuingia, seva huitaka kompyuta yako ithibitishe kwamba inao ufunguo wa siri unaooana na ule wa umma, na uthibitisho huo hufanyika bila ufunguo wa siri kuondoka ulipo. Njia hiyo ikishakubali, unazima kuingia kwa nenosiri, ili programu zinazozunguka intaneti zikibahatisha manenosiri zisipate pa kujaribia.

Kwa mzoefu hiyo ni kazi ya dakika chache. Ndani yake kuna hatua moja isiyo na msamaha, nayo ni ya kuzima nenosiri. Ukiifanya kabla ufunguo haujakubali, hakuna kurudi kupitia SSH, na seva nyingi ziko kwenye vituo vya data ambako mwenyewe hawezi kwenda kukaa mbele ya kibodi.

Ukurasa ulivyoharibika bila mharibifu

Wiki yenyewe inaendeshwa kwa MediaWiki, programu ileile iliyo chini ya Wikipedia, na programu hiyo huhifadhi kila hariri. Kwa hiyo uchunguzi hauhitaji kubahatisha. Unasoma historia ya ukurasa kuanzia chini kwenda juu.

Toleo la kwanza liliandikwa na mtu mmoja kwa mkao mmoja. Lilikuwa na kasoro za lugha, lakini njia yake ilipitika: tengeneza ufunguo wa RSA (aina ya zamani ya ufunguo), upeleke, jaribu kuingia, ukiingia zima nenosiri, washa upya huduma. Anayeijua kazi ataona mara moja kwa nini "jaribu kuingia" imekaa pale ilipokaa. Mwandishi hakuitaja sababu. Kwake ilikuwa dhahiri mno kuandikwa.

Hariri nzito iliyofuata ilibadilisha aina ya ufunguo. OpenSSH 8.8, toleo la programu ya SSH inayotumiwa na seva nyingi, lililotoka Septemba 2021, iliacha kukubali, katika mipangilio yake ya awali, sahihi za `ssh-rsa` (uthibitisho ambao ufunguo wa RSA huutoa) zinazotumia SHA-1, kanuni ya hesabu iliyopitwa na wakati. Wengi walilipokea tangazo hilo kana kwamba funguo zote za RSA zimekufa, jambo ambalo si kweli, kwani ufunguo uleule wa RSA unaweza kutia sahihi kwa SHA-2, mrithi wake. Lakini mhariri hakukosea kupendekeza Ed25519, aina mpya zaidi ya ufunguo. Tangu OpenSSH 9.5 ya Oktoba 2023 ndiyo aina ambayo `ssh-keygen` hutengeneza usipoiambia vingine. Akaiandika upya amri ya hatua ya pili: `ssh-keygen -t ed25519`. Hatua ya tatu, ya kupeleka ufunguo kwenye seva, ikabaki inataja `~/.ssh/id_rsa.pub`, faili la ufunguo wa umma wa RSA, ambalo hatua ya pili haitengenezi tena.

Mzoefu akilifuata somo katika hali hiyo, kompyuta yake tayari ina `id_rsa.pub` ya miaka iliyopita. Amri inakubali, ufunguo wa zamani unapelekwa, anaingia kwenye seva bila shida. Kwake somo linafanya kazi, ijapokuwa ufunguo mpya aliotoka kuutengeneza haujafika popote. Huyo ndiye mhariri aliyejibu kwamba amelitumia karibuni, na alisema kweli tupu. Mgeni, ambaye hajawahi kuwa na ufunguo wowote, anapata ujumbe wa kosa kwamba faili halipo.

Ujumbe huo ungetosha kumsimamisha, lau si dokezo lililokuwa chini ya amri: "Mara ya kwanza utaona ujumbe wa tahadhari hapa. Ni kawaida, endelea." Dokezo hilo lilizaliwa kwingine. Unapounganisha na seva kwa mara ya kwanza, programu ya SSH hukueleza kwamba haiwezi kuthibitisha utambulisho wa seva hiyo, kisha huuliza kama uendelee. Aliyeliandika alikuwa akizungumzia swali hilo (na hata huko ushauri wake ulikuwa mlegevu, maana inafaa kulinganisha alama ya utambulisho na ile aliyokupa mwenye seva). Baadaye mtu mwingine, katika kupanga aya, alilisogeza juu kidogo. Likajikuta linamtuliza msomaji aliyepata kosa la kweli.

Kisha akaja mhariri mpenda vichwa. Aliona ukurasa umekaa kama barua, akaugawa: Maandalizi, Usanidi, Uhakiki, Tahadhari. Nyaraka nyingi nzuri zina sura hiyo, na wenzake walimshukuru kwenye majadiliano. Hatua ya kujaribu kuingia ikahamia Uhakiki, kwa kuwa ni uhakiki. Hatua ya kuzima nenosiri ikabaki Usanidi, kwa kuwa ni usanidi. Uhakiki ukawa baada ya Usanidi. Onyo la kutozima nenosiri kabla ya kujaribu nalo likashushwa Tahadhari, mwisho wa ukurasa, mahali ambapo msomaji hufika akiwa ameshafungiwa.

Ukizikunja hariri hizi pamoja unapata safari yote ya mlalamikaji: ametengeneza ufunguo, ameshindwa kuupeleka, ameambiwa ni kawaida, amezima nenosiri, amewasha upya huduma, na sasa anasoma onyo.

Alama iliyomezwa na ukurasa

Kulikuwa na kasoro nyingine, na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko hiyo, ingawa hakuna aliyeilalamikia.

Katika faili la `/etc/ssh/sshd_config`, lenye mipangilio ya SSH ya seva, mstari unaohusika na nenosiri mara nyingi huja hivi: `#PasswordAuthentication yes`. Alama ya `#` mwanzoni huufanya mstari uwe maelezo tu, usiosomwa na programu. Somo lilimtaka msomaji aondoe alama hiyo na kubadilisha `yes` kuwa `no`. Katika MediaWiki, mstari unaoanza na `#` nje ya kisanduku cha msimbo hugeuzwa kuwa orodha yenye namba. Mhariri mmoja alikuwa ameondoa kisanduku kwa sababu kilipitiliza upana wa skrini ya simu. Tangu hapo ukurasa ukawa unaonyesha "1. PasswordAuthentication yes". Alama iliyokuwa kiini cha hatua nzima haikuonekana tena popote.

Msomaji makini aliyeiona `#` ndani ya faili lake aliweza kuiondoa kwa akili yake. Aliyeamini ukurasa aliigeuza `yes` kuwa `no`, akaiacha `#` mahali pake, akahifadhi. Mstari wake ukaendelea kupuuzwa, na kuingia kwa nenosiri kukaendelea kuruhusiwa. Hakuona kosa lolote. Ufunguo ulifanya kazi, akaondoka akiamini ameifunga seva.

Kuna na walioshindwa kwa njia ya tatu. Tangu OpenSSH 8.2, ya Februari 2020, `sshd_config` inaweza kuvuta mafaili mengine, na mifumo kadhaa huweka mwanzoni mwake agizo la kuvuta yaliyomo kwenye `/etc/ssh/sshd_config.d/`. Kwa maagizo mengi ya sshd, programu ya SSH iliyo upande wa seva, thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshika. Kwa hiyo kama mtoa huduma ameweka humo faili dogo linalosema `PasswordAuthentication yes`, unaweza kuhariri faili kuu mpaka uchoke na lisibadilike kitu.

Aliyefungiwa nje hupiga kelele, na kelele zake huleta hariri. Aliyeachwa wazi hana sababu ya kurudi kwenye ukurasa. Ukipima ubora wa somo la wiki kwa idadi ya malalamiko, utakuwa unapima upande mmoja tu wa makosa, na katika somo la usalama upande huo ndio wenye madhara madogo.

Kwa nini uhariri wa kawaida wa wiki haukuliona

Watu wengi wangesema manahodha wengi chombo huenda mrama. Historia ya ukurasa huu haionyeshi hivyo. Manahodha hawakugombania usukani. Kila mmoja alitengeneza ubao aliokuwa ameukanyaga, na akautengeneza vizuri.

Ward Cunningham alipoweka wiki ya kwanza kwenye mtandao mwezi Machi 1995, nguvu yake ilikuwa hiyo hasa: anayesoma akiona kasoro airekebishe papo hapo, bila kuomba ruhusa na bila kulazimika kuumiliki ukurasa mzima. Kwa makala ya kamusi elezo utaratibu huo unafaa sana. Ukisahihisha mwaka wa kuzaliwa wa mtu katika aya ya pili, aya ya sita haiharibiki. Ukihamisha sehemu ya mto juu ya sehemu ya mlima, msomaji hapotei.

Somo la hatua kwa hatua halijajengwa hivyo. Kila hatua inapokea hali iliyoachwa na hatua iliyotangulia: faili lililotengenezwa, mahali ulipo kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), huduma iliyowashwa. Mwenye kubadilisha hatua ya pili amebadilisha kile ambacho hatua ya tatu inakipokea, hata kama hakuigusa. Na zana za wiki hazikuonyeshi hilo. Ukurasa wa mabadiliko ya karibuni unakuonyesha mstari wa zamani na mstari mpya, kila mmoja na rangi yake. Mpitiaji anaona `rsa` imekuwa `ed25519`, anajua ni ushauri mzuri, anapita. Mstari ulioharibika haumo kwenye ulinganisho kwa sababu haukubadilika.

Wikipedia yenyewe ina sera isemayo kwamba si mahali pa miongozo ya namna ya kufanya kazi, na Wikibooks ilianzishwa mwaka 2003 ili vitabu vya kufundishia vipate kwao. Sababu inayotajwa ni mipaka ya kamusi elezo. Mimi naona sera hiyo imewaepusha pia na aina hii ya uharibifu, hata kama haikutungwa kwa ajili hiyo.

Basi turudi kwa mhariri aliyesema "soma onyo". Miaka ya 1980, John Carroll na wenzake katika kituo cha utafiti cha IBM waliwatazama watu wakijifunza programu za kuandikia kwa kutumia vitabu vya mafunzo. Waliona wanafunzi wakiruka maelezo, wakikimbilia kugusa mashine, wakikosea, kisha wakipoteza muda mwingi kujinasua. Badala ya kuwalaumu, walitunga vitabu vifupi vilivyochukulia kwamba mtu ataruka na atakosea, vikaweka njia ya kutambua kosa na kutoka ndani yake palepale linapotokea. Onyo lililo mwisho wa ukurasa limeandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye Carroll hakumpata.

Kuandika upya

Waliolishika somo upya walianza kwa kubishana kama waongeze maonyo. Pendekezo la kwanza lilikuwa kisanduku chekundu juu ya hatua ya kuzima nenosiri. Lililokubaliwa ni jingine, na ndilo lililonivutia zaidi katika kisa kizima: waliipanga njia ili mtego usiwepo.

Hatua ya kujaribu ilirudi kabla ya kuzima, lakini safari hii sababu yake iliandikwa ndani yake, ili mpenda vichwa anayekuja asiihamishe tena. Tena jaribio lenyewe lilifanywa kali. "Jaribu kuingia" haitoshi, kwa sababu ufunguo ukikataliwa, seva huuliza nenosiri, mgeni analiandika, anaingia, anadhani ufunguo umekubali. Sehemu hiyo sasa inasomeka hivi:

```
Hatua ya 4. Jaribu ufunguo
Kwenye kompyuta yako, fungua dirisha la pili la terminali.
Lile la kwanza, ambalo umo ndani ya seva, liache wazi.

ssh -o PasswordAuthentication=no jina@seva

Ukiingia: ufunguo umekubali. Nenda hatua ya 5.
Ukiona "Permission denied": ufunguo haujafika kwenye seva.
Usiende hatua ya 5. Rudi hatua ya 3.

Hatua hii inatangulia kuzima nenosiri kwa makusudi.
Ikihamishwa, msomaji anaweza kufungiwa nje.
```

Dirisha la kwanza linaachwa wazi kwa sababu kuwasha upya huduma ya SSH hakukati vikao vilivyokwisha kufunguliwa. Mambo yakiharibika, mtu bado yumo ndani na anaweza kurudisha alichobadilisha. Wazoefu wote hufanya hivyo bila kufikiri, na katika matoleo yote yaliyotangulia hakuna aliyekumbuka kuliandika.

Hatua ya kuhariri mstari wenye `#` iliondolewa kabisa. Msomaji sasa anaunda faili jipya, `/etc/ssh/sshd_config.d/00-ufunguo.conf`, na kuandika ndani yake mstari mmoja: `PasswordAuthentication no`. Mafaili ya folda hiyo husomwa kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo linaloanza na sifuri mbili hutangulia yale ya mtoa huduma. Akitaka kughairi, anafuta faili. Hakuna alama ya kuondoa, hakuna cha kumezwa na ukurasa, na tatizo la thamani inayosomwa kwanza limegeuzwa kuwa msaada. Kabla ya kuwasha upya huduma anaandika `sudo sshd -t`, ambayo hukagua mipangilio na kunyamaza ikiwa haina kosa. Ukurasa unamwambia waziwazi kwamba ukimya ndio jibu zuri, maana mgeni akiona ukimya hudhani amri haikufika.

Mwisho kabisa kuna hatua ambayo toleo la zamani halikuwa nayo: kuthibitisha kwamba mlango wa nenosiri umefungwa kweli. Kwenye kompyuta yake msomaji anaandika `ssh -o PubkeyAuthentication=no jina@seva` na anatakiwa akataliwe kwa `Permission denied (publickey)`. Akiulizwa nenosiri, kazi haijakwisha. Hapo ndipo yule aliyekuwa akiachwa wazi bila kujua anapojulikana.

Mambo madogo yalipita haraka. Picha za skrini za terminali ziliondolewa, kwa kuwa huwezi kunakili amri kutoka kwenye picha, huwezi kuitafuta, programu ya kumsomea asiyeona haiisomi, na mhariri hawezi kurekebisha herufi moja iliyomo. Alama ya `$` mbele ya amri iliondolewa pia, maana anayeibandika pamoja na amri hupata kosa la `$: command not found`. Maneno kama "kirahisi" na "tu" yalifutwa.

Mgeni kwenye kibodi

Rasimu ilipokamilika, walimpa mtu ambaye hajawahi kutumia seva, wakakaa nyuma yake kwa makubaliano ya kutosema neno. Naamini hili lilizaa matunda kuliko majadiliano yote ya maandishi, kwa kuwa lilifichua mambo ambayo hakuna mzoefu angeyakumbuka hata akiulizwa.

Alikwama mapema kuliko walivyotarajia. Aliingia kwanza kwenye seva kwa nenosiri, kama utangulizi ulivyomwelekeza, kisha akaandika `ssh-keygen` humohumo. Jozi ya funguo ikatengenezwa kwenye seva. Kila amri iliyofuata ilikubali au ilishindwa kwa namna isiyoeleweka, na yeye hakuwa na njia ya kujua kwamba yuko kwenye mashine isiyo sahihi. Madirisha mawili ya terminali yanafanana. Kinachotofautisha ni jina dogo mwanzoni mwa mstari ambalo mgeni hajajifunza kulitazama. Ukurasa ulikuwa umesema "tengeneza ufunguo kwenye kompyuta yako" mara moja, juu, na mara hiyo moja ikasahauliwa. Kila amri sasa inatanguliwa na "Kwenye kompyuta yako" au "Kwenye seva". Mhariri mmoja alilalamika kwamba inachosha kusoma. Kwa anayesoma mfululizo, inachosha kweli, lakini somo la namna hii halisomwi mfululizo: mtu anasoma mstari, anahamia kwenye terminali, anarudi akiwa amesahau yuko wapi.

Alipoombwa nenosiri la kulinda ufunguo, aliandika, akaona hakuna kinachotokea kwenye skrini, akaandika tena kwa nguvu. Alidhani kibodi imekufa. Programu hufanya hivyo makusudi, haionyeshi hata nyota. Papo hapo likazuka jambo la pili: nenosiri la ufunguo na nenosiri la seva ni vitu viwili, na somo lilikuwa likiviita vyote "nenosiri". Hatua ya 4 ilipomtaka aingie bila nenosiri la seva, aliombwa la ufunguo, akahitimisha kwamba ameshindwa. Majina hayo mawili sasa yanaandikwa kamili kila yanapotokea, hata mara tatu katika aya moja.

Kuhusu sehemu za kujazwa, rasimu ilitumia `<jina>@<seva>`, desturi ya nyaraka nyingi. Mgeni alibandika pamoja na mabano, akabadilisha maneno ya ndani na kuyaacha mabano. Kwenye terminali alama ya `<` ni agizo la kusoma kutoka kwenye faili, na ile ya kufunga ni agizo la kuandika ndani ya faili; ya mwisho haikufuatwa na jina la faili lolote, kwa hiyo alijibiwa kwamba amri imeandikwa vibaya (`syntax error`). Wakabadilisha iwe `jina@seva`, na utangulizi ukaeleza kwamba maneno hayo mawili yabadilishwe kila yanapoonekana.

Ubishi uliobaki

Toleo jipya linafundisha mfumo mmoja wa seva, Debian, na mashine moja upande wa msomaji, yenye Linux. Baadhi ya wahariri waliona huo ni upendeleo. Huduma inaitwa `ssh` kwenye Debian na Ubuntu, `sshd` kwenye Fedora na Arch. Kwa nini usiwaandikie wote? Jibu lililotolewa, nami nakubaliana nalo, ni kwamba kila "ikiwa unatumia" ndani ya somo ni njia panda, na mgeni mara nyingi hajui yuko kwenye njia ipi. Mbaya zaidi, hakuna mhariri anayeweza kupitia njia panda zote kila anapobadilisha mstari, kwa hiyo somo la mifumo minne ni somo ambalo robo tatu yake haijulikani kama inafanya kazi. Tofauti za majina zimehamishiwa kwenye ukurasa wa marejeo. Windows imepata ukurasa wake, hasa kwa sababu OpenSSH inayokuja nayo haina `ssh-copy-id`, amri iliyobeba hatua ya tatu.

Kanuni ya uhariri ndiyo iliyoleta mvutano mkali. Pendekezo lilikuwa kwamba anayebadilisha amri, jina la faili au mpangilio wa hatua apitie njia yote tangu mwanzo kwenye mashine pepe isiyo na chochote, ile inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine na kufutwa ukimaliza. Mashine ya mhariri mwenyewe haifai. Hiyo ndiyo iliyoficha `id_rsa.pub`. Wapinzani walisema kanuni hiyo itaua wiki, kwa kuwa wiki huishi kwa hariri ndogo za watu wenye dakika tano. Walikuwa na haki. Kilichokubaliwa ni kigezo, yaani kisanduku cha taarifa, kilicho juu ya ukurasa kinachotaja mfumo, toleo lake na tarehe ambayo njia yote ilipitiwa mara ya mwisho. Yeyote anaruhusiwa kuhariri chochote. Akigusa amri bila kupitia njia, anaibadilisha tarehe kuwa "haijapitiwa tangu ilipohaririwa". Tahajia na lugha hazimo katika kanuni. Kando ya amri mbili zinazotaja jina la faili la ufunguo kuna maoni yaliyofichwa kwa `<!-- -->`, yanayoonekana na anayehariri pekee, yakimtaja mwenzake: ukibadilisha hapa, badilisha na hatua ya 3.

Wahariri husahau kigezo, na mpitiaji hulazimika kukibadilisha kwa niaba yao. Hiyo bado ni nafuu, kwa kuwa kazi ya kugundua kwamba amri imeguswa ni rahisi kuliko kazi ya kugundua kwamba njia imekatika.

Toleo la zamani halijafa. Maandishi ya wiki hiyo yako chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili kwa sharti la kutaja chanzo na kuendeleza leseni ileile, na kurasa kadhaa kwingineko zilikwisha kulinakili likiwa na Uhakiki baada ya Usanidi. Marekebisho hayasafiri kwenda kwenye nakala. Wahariri wameandika kwenye kurasa za majadiliano za wiki zilizo na nakala hizo wakieleza kosa na kuweka kiungo cha toleo jipya. Penye ruhusa ya kuhariri wamebadilisha mpangilio wa hatua wenyewe, na kwenye tovuti zisizohaririwa na umma wanasubiri wenyewe wajibu.